Kugombea Marekani: kwa tiketi ya chama kikubwa, chama kidogo, au kama mgombea binafsi?

Minnesota, mtu anayetaka kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya chama kikubwa, kama Democratic au Republican, anachukua fomu, anaijaza, analipa dola 100, na jina lake linaingia kwenye kura za mchujo za Agosti, ambako wapiga kura wanachagua nani atakiwakilisha chama Novemba. Jirani yake anayekitaka kiti hichohicho kama mgombea binafsi anatakiwa kuleta saini 500 za wapiga kura wa eneo hilo, na muda wa kuzikusanya ni majuma mawili tu. Tena kila anayemdhamini anaapa kwenye karatasi kwamba hana nia ya kupiga kura ya mchujo kwa kiti hicho.

Naanza na mfano huu kwa sababu kila mmoja wetu anapopata uraia na kuanza kuwaza siasa, hakosi mtu mezani wa kumwambia: "Achana na vyama, gombea mwenyewe." Naelewa wazo hilo linakotoka. Sisi tuliotoka Tanzania tumekulia kwenye sheria inayomtaka kila mgombea apitishwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi mwaka 2013. Ndugu zetu wa Kenya wanamjua mgombea huru, aliyeruhusiwa na katiba ya 2010. Kwa hiyo ukifika nchi ambako mtu anaweza kujisimamisha mwenyewe, unaona mlango uko wazi. Uko wazi kweli. Ila kizingiti chake kinapanda na kushuka kulingana na jimbo uliko na kiti unachokitaka, na mahali pengine kimejengwa juu kiasi kwamba miongo inapita bila mtu kukivuka.

Ndiyo maana nasema: chagua kiti kwanza, kisha ndipo uchague njia. Wengi wanafanya kinyume. Wanaanza na chuki yao kwa vyama, halafu wanatafuta kiti cha kuitolea, na fedha za watu zinaishia kwenye karatasi zilizokataliwa.

Saini za wadhamini

Nimewahi kushika ubao wa saini mimi mwenyewe, Lewiston, Maine, nikimsaidia rafiki aliyegombea bunge la jimbo bila chama. Ilikuwa Aprili, theluji bado imejikunja pembezoni mwa barabara, na tulisimama nje ya maduka ya Lisbon Street tukiwasalimu wapita njia. Maine ni jimbo lenye huruma kwa mgombea binafsi. Kwa kiti cha mwakilishi wa jimbo, mgombea wa chama anahitaji saini 25, asiye na chama anahitaji 50. Ni mara mbili, ndiyo, lakini saini 50 unazipata kwa Jumamosi mbili ukiwa na miguu mizuri. Wa chama analazimika kudhaminiwa na wanachama wa chama chake tu, wakati asiye na chama anadhaminiwa na mpiga kura yeyote wa eneo lake. Na wa chama anarudisha fomu kufikia Machi 15, wakati mwenzake ana mpaka Juni 1.

Kilichonifunza siku ile ni mama mmoja wa Bukavu. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akaninyooshea kalamu kwa fahari. Nilipoangalia anwani nikamuuliza kama ndipo anapokaa sasa. "Lakini papa, kule nilishaka kuhama." Alikuwa amehamia ng'ambo ya mto, Auburn, eneo jingine kabisa la uchaguzi. Saini yake nzuri vile haikuwa na kazi kwetu. Kabla fomu hazijafika ofisi za jimbo, karani wa mji analinganisha kila jina na daftari la wapiga kura, na jamii yetu, yenye familia zinazohama nyumba kila mkataba wa pango unapoisha, inapoteza saini nyingi hapo. Kusanya nusu zaidi ya zinazohitajika, popote ulipo.

Mzee mwingine alitaka kusaini ili kutuunga mkono. Alikuwa na grini kadi, hakuwa raia bado. Nilifunga ubao nikamwomba radhi. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura, au akijitangaza raia kwenye karatasi ya serikali, anaweza kuharibu safari yake yote ya uraia na hata kufukuzwa nchini. Ukigombea, waeleze hivyo watu wako wote wanaobeba ubao. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia kampeni fedha yake mwenyewe na kujitolea. Saini na kura, hapana.

Sasa panda ngazi uone. Maine hiyohiyo, kiti cha seneta wa jimbo ni saini 100 kwa wa chama na 200 kwa asiye na chama. Ugavana ni 2,000 kwa 4,000. Ni uwiano uleule, lakini saini 4,000 huzipati kwa Jumamosi mbili. Unahitaji timu, na mara nyingi unahitaji watu wa kulipwa.

Texas, ambako ndugu zetu wamejaa Houston, Dallas na Fort Worth, ina mtego wa aina nyingine. Kwa kiti cha eneo dogo, kama mwakilishi wa jimbo, mgombea binafsi hatakiwi kuzidi saini 500. Hiyo inavumilika. Ila lazima awe ametangaza nia tangu Desemba ya mwaka uliotangulia, saini zenyewe haanzi kuzikusanya mpaka mchujo upite, na aliyepiga kura ya mchujo mwaka huo haruhusiwi kumdhamini. Yaani raia wanaofuatilia siasa zaidi ya wote, wale wanaojitokeza Machi, ndio waliokatazwa kumsaidia. Kwa urais, Texas iliwataka wagombea binafsi wa 2024 walete saini 113,151.

Georgia ndiyo inayonisikitisha zaidi. Tangu 1943 sheria yake inawataka wagombea wa vyama vidogo kwa Bunge la Marekani kuleta saini za asilimia 5 ya wapiga kura wa eneo, ambazo leo ni zaidi ya 20,000. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mgombea mmoja wa chama kidogo aliyefikisha idadi hiyo akaingia kwenye karatasi ya kura. Mahakama Kuu ya Marekani iliipitisha asilimia hiyo mwaka 1971, na majaribio ya baadaye ya kuipinga hayajaiondoa. Majirani zao Tennessee wanaridhika na saini 25 kwa mgombea binafsi, hata wa ugavana. Ukivuka mpaka tu, sheria inageuka hivyo.

Halafu kuna pingamizi. Usidhani ukishafikisha idadi umemaliza. Wanasheria wa mpinzani wana haki ya kupitia karatasi zako moja moja wakitafuta tarehe iliyokosewa, saini isiyosomeka, anwani isiyolingana. Mwaka 2024 Robert F. Kennedy Jr., mgombea binafsi wa urais mwenye jina kubwa na fedha za kutosha, alienguliwa na jaji New York kwa sababu anwani aliyoandika haikuwa makazi yake halisi. Kama yeye alikwamia hapo, mgombea asiye na mwanasheria inabidi ahakiki anwani yake mara tatu.

Mlango mmoja tu, na tarehe zake

Hapa ndipo watu wengi hushtuka wakiwa wamechelewa. Karibu majimbo yote yanamkataza mtu aliyeshindwa kwenye mchujo wa chama kurudi Novemba kama mgombea binafsi kwa kiti kilekile. Mengine yanafanya hivyo kwa sheria ya wazi, mengine kwa kupanga tarehe za kurudisha fomu ziishe kabla matokeo ya mchujo hayajatoka. Joe Lieberman alishindwa mchujo wa Democratic kule Connecticut Agosti 2006, akaunda chama chake, akashinda useneta Novemba. Watu wanautaja mfano huo kama kwamba uko wazi kwa kila mtu. Connecticut ni moja ya majimbo machache sana yanayoruhusu jambo hilo, na Lieberman alikuwa seneta aliyekwishakaa karibu miaka 18.

Kwa hiyo "nijaribu kwanza ndani ya chama, wakinikataa nitajitegemea" si mpango unaotekelezeka kwa wengi wetu.

Chama kikubwa kinakupa nini hasa

Nitasema wazi: kwa viti vingi vya bunge la jimbo, hasa mijini tunakoishi, njia fupi ni mchujo wa chama kikubwa. Sisemi hivyo kwa kuvipenda vyama. Nimeona wajumbe wa chama wakimwita mgombea wetu kwenye picha na kumsahau kwenye kikao. Lakini hesabu ni hesabu. Mahali ambapo chama kimoja kina uhakika wa kushinda Novemba, uchaguzi wenyewe unafanyika siku ya mchujo, na siku hiyo watu ni wachache. Alexandria Ocasio-Cortez alimwangusha Joe Crowley, mmoja wa vigogo wa Democratic bungeni, Juni 2018 kwa kura chini ya 17,000, katika eneo lenye watu wapatao laki saba. Jamii iliyojipanga, yenye makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama, inaweza kuamua mchujo wa namna hiyo.

Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota kwa uchaguzi wa Novemba 2024 kwa njia hiyo, tiketi ya Democratic ya kule wanayoiita DFL. Eneo lake ni la Brooklyn Park. Mji huohuo uliwahi kuongozwa na Jesse Ventura kama meya, kabla hajashinda ugavana mwaka 1998 kwa asilimia 37 akiwa na chama kidogo cha Reform. Ventura alikaribishwa kwenye midahalo, alipata fedha za umma za kampeni, na Minnesota inaruhusu mtu kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura. Ukiondoa moja ya mambo hayo matatu, sidhani kama angefika.

Chama kikubwa kinakupa pia kitu ambacho mtu hakioni mpaka akikose: alama ya chama kwenye karatasi. Majimbo kama Michigan, Indiana na Kentucky bado yana kisanduku kimoja cha kumchagua kila mgombea wa chama kwa mpigo. Mpiga kura anaweka alama mara moja, anaondoka. Mgombea binafsi hana kisanduku cha namna hiyo. Anamtegemea mtu atakayeteremka mpaka kwenye jina lake.

Chama kidogo: mzigo wa watu wawili

Mgombea wa chama kidogo anabeba mizigo miwili kwa pamoja, kujinadi yeye na kukiokoa chama. New York mwaka 2020 ilipandisha kizingiti cha chama kubaki kwenye karatasi kutoka kura 50,000 kila baada ya miaka minne hadi 130,000, au asilimia 2 ikiwa ni nyingi zaidi, kila baada ya miaka miwili. Saini za kugombea kiti cha jimbo zima bila chama kinachotambuliwa zikapanda kutoka 15,000 hadi 45,000, kwa siku 42. Vyama vya Green na Libertarian vikapoteza nafasi zao. Ilipofika 2022, karatasi ya ugavana katika jimbo lenye mamilioni ya watu wa kila rangi na kila fikra ilikuwa na wagombea wawili tu. Vyama vidogo vilivyosalimika, Working Families na Conservative, vimesalimika kwa sababu New York inaruhusu chama kidogo kumsimamisha mgombea yuleyule wa chama kikubwa na kura zikajumlishwa. Majimbo mengi yamepiga marufuku jambo hilo, na Mahakama Kuu iliyaruhusu kufanya hivyo katika kesi ya Minnesota ya mwaka 1997.

Ngazi ya urais inaonyesha mwisho wa njia hii. Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura zote mwaka 1992 na hakupata kura hata moja ya wajumbe wa majimbo, ambao ndio wanaomchagua rais, kwa sababu karibu kila jimbo linampa wa kwanza wajumbe wote. Mwaka huo alikuwa kwenye midahalo. Mwaka 1996 alifungiwa nje, akashuka hadi asilimia 8. Tangu 2000 sharti la midahalo limekuwa asilimia 15 kwenye kura za maoni, na kufika asilimia 15 bila kuonekana kwenye mdahalo ni kama kuombwa cheti cha kuzaliwa na mtu aliyekifungia kabatini kwake.

Chagua chama kidogo ikiwa nia yako ni kukijenga, na uko tayari kushindwa mara mbili tatu ili kipate asilimia kinayoihitaji. Hiyo ni kazi ya heshima na naiheshimu. Ila usimwambie mchangiaji wa dola 20 kwamba anachangia ushindi wa mwaka huu.

"Utagawa kura"

Utaambiwa hivyo na watu unaowapenda. Usikasirike, wana mfano mkononi. Florida, mwaka 2000: Ralph Nader wa Green alipata kura 97,488, na George W. Bush akaishinda Florida kwa kura 537. Maine wana kidonda chao. Mwaka 2010 Paul LePage alichukua ugavana kwa asilimia zisizofika 38, mgombea binafsi Eliot Cutler akimfuata kwa 36, na Mdemokrati akabaki na kama 19. Walio wengi walimkataa aliyeshinda, na hawakuwa na namna ya kulisema hilo kwenye karatasi.

Maine walijibu kwa kura ya maamuzi ya 2016. Sasa kwenye mchujo na kwa viti vya Bunge la Marekani, mpiga kura anawapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia chaguo linalofuata. Alaska nao wana utaratibu wa namna hiyo tangu 2022, na jaribio la kuufuta mwaka 2024 lilishindwa kwa kura zisizofika 1,000. Mahali penye utaratibu huu, hoja ya kugawa kura inakosa nguvu, na mgombea binafsi anaweza kumwambia mpiga kura: niweke wa kwanza, umwogopaye usimwandike. Ila angalia vizuri: Maine haiutumii Novemba kwa ugavana wala bunge la jimbo, kwa sababu katiba ya jimbo inataka mshindi awe mwenye kura nyingi tu. Nimesikia watu wakiahidiana vingine.

California na Washington zimefanya jambo jingine kabisa: wagombea wote huingia mchujo mmoja, wawili wa juu wanaendelea. Unaonekana usawa. Kwa mgombea wa chama kidogo maana yake, mara nyingi, ni kwamba Novemba jina lake halipo.

Kuandikwa jina kwa mkono

Njia hii naipitia haraka. Lisa Murkowski alishinda useneta wa Alaska mwaka 2010 kwa wapiga kura kuliandika jina lake, baada ya kushindwa mchujo. Alikuwa seneta tayari, na kampeni yake ilitumia fedha kuwafundisha watu tahajia. Kabla yake, aliyewahi kushinda useneta hivyo alikuwa Strom Thurmond mwaka 1954. Kwa halmashauri ya kijiji chenye wapiga kura mia mbili, sawa. Zaidi ya hapo, usimshauri mtu.

Kwa hiyo, wewe?

Kama kiti unachokitaka ni cha halmashauri ya mji au bodi ya shule, swali lote hili huenda halikuhusu. Miji mingi ya Marekani, Lewiston na Portland zikiwemo, haiandiki chama kwenye karatasi za viti hivyo. Wote mnaingia sawa. Bernie Sanders, mgombea binafsi aliyedumu kuliko wote katika Bunge la Marekani, alianza na umeya wa Burlington, Vermont, mwaka 1981, alioushinda kwa kura 10. Hata yeye, alipofika juu, ilimbidi akae upande wa Democratic bungeni ili apate kamati, kama anavyofanya Angus King wa Maine. Mgombea binafsi akishinda anakutana na swali hilo siku ya kwanza kazini. Afadhali uwaambie wapiga kura jibu lako kabla.

Kama ni bunge la jimbo, na uko Maine au jimbo lenye saini chache kama hilo, mgombea binafsi ni njia halali kabisa, hasa ukiwa unafahamika nje ya jamii yetu. Maine ina mfuko wa umma wa kampeni: kwa kiti cha mwakilishi wa jimbo, ukileta michango ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lako, unafuzu kupata fedha za kampeni, uwe na chama au usiwe nacho. Kumbuka tu kwamba sharti la kiti hicho ni miaka 21 ya umri na miaka mitano ya uraia. Uko Minnesota? Dola 100 na mchujo, nisingefikiria mara mbili. Uko Texas na Desemba imepita? Mlango wa mgombea binafsi umeshafungwa kwa mwaka huu. Tumia muda huo kuwasajili watu.

Na kama uko Maine, ulishajiandikisha kama mwanachama wa chama siku ile ya kiapo cha uraia kwa sababu mtu alikupa fomu nawe ukaweka alama, na sasa unataka kugombea bila chama, nenda kwa karani wa mji wako ukajiondoe kabla ya Machi 1 ya mwaka wa uchaguzi. Omba nakala yenye tarehe, uiweke pamoja na pasipoti yako.